Uwanja ni wa Watoto Wote

Ni desturi ya watu duniani kote kumshangilia mshindi. Anayerudi na medali hupokewa kwa ngoma na vigelegele, huvishwa mashada ya maua, na jina lake hutajwa mashuleni na vijiweni. Desturi hiyo ni njema, wala hatuna nia ya kuikosoa. Lakini yako maswali mawili ambayo ni nadra kuulizwa shangwe zikisha kupamba moto. La kwanza ni hili: mshindi huyu alifikaje kwenye mstari wa kuanzia? La pili: baada yake yeye, ni nani wengine waliopata njia ya kupita? Leo tunapenda kuyauliza maswali hayo kwa habari za mwanariadha ambaye hakuwahi kupiga mbio kwa miguu yake hata hatua moja, na ambaye hata hivyo ni miongoni mwa wanariadha wakubwa wa zama zetu. Jina lake ni Tatyana McFadden wa Marekani.

Wapenzi wa riadha katika Afrika Mashariki wanalikumbuka jina la Priscah Jeptoo wa Kenya, aliyeshinda mbio za marathoni za wanawake huko London na New York mwaka 2013. Yaelekea ni wachache wanaojua kwamba siku hizo hizo, katika barabara hizo hizo, mshindi wa mbio za wanawake wa viti vya magurudumu alikuwa Tatyana, na kwamba mwaka huo huo alishinda pia Boston na Chicago. Kabla yake hapakuwa na mtu yeyote, awe wa miguu au wa kiti, aliyewahi kuzishinda marathoni hizo nne katika mwaka mmoja. Akazishinda zote tena mwaka 2014, akazishinda mwaka 2015, na mwaka 2016 akazishinda kwa mara ya nne mfululizo. Katika mashindano ya dunia ya riadha ya watu wenye ulemavu, yaliyofanyika Lyon, Ufaransa, mwaka 2013, aliingia katika mbio sita, kuanzia mita 100 hadi mita 5,000, akarudi na dhahabu sita.

Hizo ndizo sifa zake uwanjani, nazo zinatosha kumpa mtu heshima ya maisha. Hata hivyo, kwa maoni yetu, jambo kubwa kuliko yote alilolifanya halikumpa medali yoyote. Alilifanya akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, na faida yake haikumwishia yeye.

Tatyana alizaliwa Leningrad, Urusi, mwezi Aprili mwaka 1989, akiwa na ugonjwa wa mgongo wazi, yaani uti wa mgongo uliokuwa haujafunga. Mtoto wa namna hiyo huhitaji kufanyiwa upasuaji upesi. Yeye alikaa kwa muda wa majuma matatu bila kupasuliwa. Akanusurika, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini alipooza. Mama yake mzazi hakuwa na uwezo wa kumtunza, akapelekwa katika makao ya watoto yatima. Makao hayo hayakuwa na kiti cha magurudumu. Wenzake walipotembea kwa miguu, yeye alijifunza kutembea kwa mikono, na kwa namna hiyo aliishi hadi alipokaribia umri wa miaka sita. Hapo ndipo alipochukuliwa na Bibi Deborah McFadden, ofisa wa serikali ya Marekani aliyekuwa akishughulikia mambo ya watu wenye ulemavu, akamfanya kuwa mwanawe na kumpeleka Maryland.

Huko Maryland mtoto yule dhaifu alipelekwa kwenye michezo ili apate nguvu. Aliogelea, akacheza mpira wa kikapu wa viti, na katika klabu moja ya watoto wenye ulemavu mjini Baltimore akakutana na mbio za viti. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 15, alikwenda Athens, Ugiriki, kwenye Michezo ya Paralimpiki. Alikuwa mdogo kuliko wote katika timu ya riadha ya Marekani. Alirudi na medali mbili: ya fedha katika mita 100, na ya shaba katika mita 200.

Yaliyofuata ndiyo hasa yaliyotufanya tushike kalamu. Msichana huyo mwenye medali mbili za dunia aliporudi nyumbani akaomba kujiunga na timu ya riadha ya shule yake, alikubaliwa nusu tu. Alipewa sare na kuruhusiwa kufanya mazoezi. Lakini siku ya mashindano, ilipofika zamu yake, mbio za wengine zilisimamishwa kwanza, naye akapelekwa kuzunguka uwanja peke yake, hana wa kumfukuza wala wa kumfukuza yeye. Tafadhali msomaji tafakari jambo hilo. Kukimbia peke yako si mashindano. Anayekimbia peke yake hawezi kushinda wala kushindwa. Hugeuzwa kuwa kitu cha kutazamwa, na makofi anayopigiwa ni makofi ya huruma.

Tatyana aliyakataa makofi hayo. Yeye na mama yake waliwaomba viongozi wa shule za wilaya yao wamruhusu akimbie katika uwanja mmoja na wenzake, kwa wakati mmoja. Walipokataliwa, walikwenda mahakamani. Hawakudai fidia hata senti moja. Walichodai ni kimoja tu, nacho ni kwamba kengele ya kuanza ikilia kwa wengine, imlilie na yeye. Walitegemea sheria ya Marekani ya mwaka 1973, inayokataza shule na taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Mwezi Aprili mwaka 2006 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamuru kwamba msichana huyo aruhusiwe kukimbia sambamba na wenzake.

Haitakuwa haki tukisema kwamba mambo yote yakawa shwari tangu siku hiyo. Wako watazamaji waliomzomea. Wako waliosema kwamba kiti kitawagonga wakimbiaji wa miguu. Wako waliosema kwamba magurudumu yanampa nafuu asiyostahili. Katika mashindano ya jimbo ya mwaka huo, mwanafunzi mwenzake wa shule hiyo hiyo alinyang'anywa ushindi wa mita 1,600 kwa madai kwamba mwendo wa kiti cha Tatyana ulimsaidia kushika kasi. Tunalitaja jambo hili makusudi, maana wako wanaodhani kwamba haki ikisha tamkwa na jaji kazi imekwisha. Kumbe hapo ndipo kazi inapoanza. Panahitajika kanuni, panahitajika waamuzi wanaozijua kanuni hizo, na panahitajika watu wazima wasiomwachia mtoto wa shule mzigo wa kosa lililotokana na kanuni ambazo hazijatungwa.

Kanuni zilipatikana. Mwaka 2008 Bunge la jimbo la Maryland lilipitisha sheria ya kuwapa wanafunzi wenye ulemavu nafasi sawa katika mazoezi ya viungo na michezo ya mashuleni. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika Marekani. Mwezi Januari mwaka 2013 Wizara ya Elimu ya nchi hiyo nayo ilizitumia shule maelekezo ya namna hiyo. Kwa hiyo, kilichoanza kama ombi la msichana mmoja katika shule moja kikawa haki ya watoto ambao hatawajua kwa majina wala kwa sura.

Mmoja wao lakini alimjua vizuri sana. Ni mdogo wake Hannah, mtoto mwingine aliyelelewa na Bibi McFadden, mzaliwa wa Albania, ambaye naye alikimbia kwa kiti. Katika Michezo ya Paralimpiki ya London ya mwaka 2012, ndugu hao wawili walipangwa katika fainali moja ya mita 100. Hivyo ndivyo inavyotakiwa njia iwe: aliyetangulia anaifyeka, na anayefuata anaikuta iko wazi.

Hapa yafaa tutoe tahadhari. Habari za mtu wa namna hii zikisimuliwa ovyo huweza kuleta madhara badala ya manufaa. Msikilizaji huweza kusema, "Ikiwa aliyetembea kwa mikono amefika huko, basi kila mlemavu akijitahidi atafika." Kauli hiyo ina sura ya kutia moyo, lakini ndani yake mna kukwepa. Inamtwika mwenye ulemavu mzigo wote, na kutuachia sisi wengine kazi ya kutazama na kupiga makofi. Ukweli ni kwamba Tatyana alijitahidi kwa bidii isiyo na kifani, lakini mbali na bidii yake palikuwa na mambo mengine. Palikuwa na mama aliyezijua sheria na ofisi za serikali. Palikuwa na klabu ya watoto iliyokuwa na viti na makocha. Palikuwa na sheria ya mwaka 1973 iliyongoja mtu wa kuishika mkononi. Baadaye palikuwa na Chuo Kikuu cha Illinois, ambacho michezo ya viti ilikwisha kuota mizizi huko tangu miaka ya 1940. Ondoa hayo yote, na ile bidii ingebaki katika yale makao ya Leningrad, ikizunguka sakafuni kwa mikono.

Wala hatuhitaji kwenda Urusi kupata ushahidi wa jambo hilo. Katika michezo ile ile ya Athens ya mwaka 2004, Kenya ilikuwa na mkimbiaji wake wa kiti, Bibi Anne Wafula. Yeye alipata ugonjwa wa kupooza, yaani polio, akiwa mtoto mdogo, na wako majirani kijijini waliodhani kwamba amerogwa. Kwa msaada wa baba yake, ambaye alikuwa askari, alisoma hadi Chuo Kikuu, akawa mwalimu. Lakini mbio za viti hakukutana nazo hapa kwetu. Alikutana nazo alipohamia Uingereza baada ya kuolewa, naye alikuwa mtu mzima. Aliikimbilia Kenya huko Athens, na baadaye akaikimbilia Uingereza. Mwaka 2014 Uingereza ilimtunukia nishani kwa huduma yake katika michezo ya watu wenye ulemavu. Swali letu ni rahisi: je, angekuwa nani uwanjani kama angelipata kiti cha mbio akiwa na umri wa miaka 12 badala ya zaidi ya 30? Na je, ni wangapi wa rika lake, wenye mabega imara kama yake, ambao hawakupata safari ya kwenda ng'ambo?

Kwa faida ya wale ambao hawajawahi kuiona michezo hii, inafaa tueleze kidogo. Kiti cha mbio si kile kinachoonekana katika varanda za hospitali. Kina magurudumu matatu: mawili makubwa nyuma, yaliyoinama yakakaribiana upande wa juu, na moja dogo lililotangulia mbele kwenye bomba refu. Hakina mnyororo wala gia. Mkimbiaji huinama mbele, akiwa amevaa glavu ngumu, na kuipiga pete iliyo ubavuni mwa gurudumu kwa nguvu ya mabega na mikono yake. Ni mchezo wa kasi kubwa. Mwaka 2023 Kelvin Kiptum wa Kenya aliishangaza dunia alipokimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35. Marcel Hug wa Uswisi, katika kiti chake, aliumaliza umbali huo huko Oita, Japani, mwaka 2021, kwa saa 1, dakika 17 na sekunde 47. Kwa hiyo wakimbiaji wa miguu na wa viti hawawezi kupewa zawadi moja kwa pamoja, wala hakuna anayedai hivyo. Kila kundi lina hesabu yake. Jambo linalodaiwa ni uwanja mmoja, siku moja, na heshima moja.

Mchezo huu nao haukuanza na utajiri. Mwaka 1948 daktari Ludwig Guttmann aliwakusanya watu 16 waliokuwa wameumia uti wa mgongo, wengi wao kwa ajili ya vita, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, wakashindana kulenga shabaha kwa pinde na mishale. Miaka 12 baadaye, mwaka 1960, wanamichezo wapatao 400 walikusanyika Rome. Na mwaka 1975, kijana wa Marekani aitwaye Bob Hall aliomba kuingia katika marathoni ya Boston kwa kiti. Aliambiwa kwamba akimaliza kwa muda usiozidi saa tatu atapewa cheti kama wakimbiaji wengine. Alimaliza kwa saa 2 na dakika 58. Mlango uliofunguliwa na dakika zile mbili ndio alioupitia Tatyana.

Sasa tuitazame hali ya hapa nyumbani. Tanzania ni nchi iliyomtoa Juma Ikangaa, mshindi wa New York wa mwaka 1989, na Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo mwaka 2025. Watu wetu wanaijua thamani ya mbio. Aidha, hatuna upungufu wa maneno mazuri juu ya watu wenye ulemavu. Mwaka 1981 tuliuadhimisha pamoja na mataifa mengine Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Mwaka 2009 nchi yetu iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 30 kinataka watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na watoto wengine, pamoja na michezo ya mashuleni. Mwaka 2010 tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Katika mashindano ya Umitashumta nako kumekuwa na riadha maalumu, jambo ambalo linastahili pongezi.

Lakini mkataba hausukumi kiti mchangani. Umitashumta huja mara moja kwa mwaka, na huwafikia wale waliokwisha kuchaguliwa. Mtoto wa kawaida mwenye ulemavu anaishi katika siku zile nyingine zote. Katika siku hizo, kipindi cha michezo kikifika, ni jambo la kawaida aambiwe akae kivulini. Mwalimu mwenye roho nzuri humpa saa ashike, au humwachia viatu vya wenzake avilinde. Humfanyia hivyo kwa huruma, akidhani kwamba amemshirikisha. Sisi tunasema hapana. Mlinzi wa viatu si mshiriki wa mbio. Afadhali basi yule msichana wa Maryland aliyezungushwa uwanja peke yake. Wa kwetu hazungushwi kabisa.

Tunayajua majibu yatakayotolewa. Jibu la kwanza ni umaskini. Kiti cha mbio cha kisasa kinauzwa kwa maelfu ya dola, na ziko shule ambazo bado zina upungufu wa madawati na maji. Hayo ni kweli tupu. Lakini hakuna aliyesema kwamba tuanze na kiti cha maelfu ya dola. Mtoto aliye na kiti chake cha kawaida, au ile baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, anahitaji mita 50 za ardhi iliyosawazishwa, mistari miwili ya chokaa, na filimbi. Gharama yake ni jembe, reki, na jioni mbili za kazi ya kujitolea. Shule inayoweza kupata mpira inaweza kuyapata hayo.

Jibu la pili ni usalama, kwamba mtoto atapinduka aumie. Nalo si jibu la kupuuzwa. Lakini tunauliza: watoto wetu wa miguu hawaanguki? Hawavunjiki mikono wakicheza mpira? Hatujasikia mwalimu akiufuta mpira kwa sababu hiyo. Tunachofanya ni kusawazisha uwanja, kuweka msimamizi, na kuwa na sanduku la huduma ya kwanza. Hayo hayo ndiyo yanayotakiwa kwa mwenye kiti, pamoja na njia yake pana ya kutosha ili asigongane na mwingine.

Jibu la tatu halisemwi hadharani, lakini ndilo lenye nguvu kuliko yote. Ni aibu. Bado zipo familia zinazomficha mtoto ndani wageni wakija. Hatupendi kuwatukana wazazi hao, kwani mara nyingi wanaogopa ulimi wa jirani kuliko wanavyomwonea haya mtoto. Dawa ya ulimi wa jirani si kumfungia mtoto. Dawa yake ni siku moja jirani huyo asimame kando ya uwanja, amwone mtoto yule yule akiwa mbele ya wenzake, vumbi limemjaa usoni, anashindana. Wazee walisema hujafa hujaumbika. Leo ni mtoto wa fulani. Kesho, kwa ajali ya pikipiki au kwa maradhi, ni wewe au ni mimi. Uwanja tunaoutengeneza kwa ajili ya mtoto wa jirani tunautengeneza kwa ajili yetu pia.

Kwa hali hiyo, gazeti hili linapendekeza mambo manne, nayo yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, walimu wakuu. Katika siku ya michezo ya kila shule, mtoto mwenye ulemavu awemo katika orodha ya mashindano, si katika orodha ya wageni. Shule ikiwa na watoto wawili au watatu wenye viti, washindane wao kwa wao. Ikiwa na mmoja tu, akimbie sambamba na wengine katika njia yake, muda wake upimwe, na mwaka unaofuata ajaribu kuushinda. Matokeo yake yatangazwe kwa kipaza sauti kama ya wenzake, na alama zake zihesabiwe katika bweni au mkondo wake. Kanuni ziandikwe mapema, ili siku ya shindano asitokee mtoto wa kunyang'anywa ushindi kwa kosa la watu wazima.

Pili, halmashauri. Darasa jipya linapojengwa, pawe na njia ya mteremko badala ya ngazi tupu. Uwanja unaposawazishwa, pawe na njia ngumu kutoka madarasani hadi uwanjani, na choo anachoweza kuingia mwenye kiti. Mambo hayo yakiwekwa katika mchoro tangu mwanzo gharama yake ni ndogo. Yakingojwa mpaka jengo likamilike, gharama huongezeka, na mara nyingi hayafanyiki tena.

Tatu, mafundi. Chuo cha TATCOT mjini Moshi kimekuwa kikiwafundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti vya magurudumu. Mitaani mwetu nako wamejaa mafundi wa baiskeli na wachomeleaji wanaotengeneza magari ya kusukuma kwa vyuma chakavu, kwa ustadi unaostaajabisha. Wakikutanishwa mafundi hao na wale wa Moshi, hatuoni sababu ya kushindwa kuunda kiti cheki cha mazoezi, ambacho wilaya inaweza kukimiliki na shule kadhaa kukitumia kwa zamu. Hakitamfikisha mtoto kwenye Paralimpiki. Lakini kitamwonyesha kocha ni mtoto yupi anayestahili kutafutiwa kile cha kumfikisha.

Nne, ni sisi waandishi. Ushindi wa mkimbiaji wa kiti mahali pake ni ukurasa wa michezo, pamoja na muda wake na jina la aliyemfuata, kama inavyoandikwa habari ya mkimbiaji mwingine yeyote. Gazeti hili liko tayari kuyapokea na kuyachapa matokeo ya mbio hizo kutoka shule yoyote ya mkoa huu itakayoyaleta, hata yakiwa ya mita 50.

Tatyana McFadden aliendelea. Mwaka 2013 alishinda Boston siku ile ile mabomu yalipowaua na kuwajeruhi watu karibu na mstari wa kumalizia. Siku sita baadaye, siku aliyotimiza umri wa miaka 24, alishinda London. Mwaka 2014 alirudi katika nchi aliyozaliwa, safari hii kwa mashindano ya kuteleza kwenye theluji huko Sochi, akapata medali ya fedha mbele ya mama aliyemzaa na mama aliyemlea. Huko Rio de Janeiro mwaka 2016 alipata dhahabu nne na fedha mbili. Hadi Michezo ya Tokyo ilipomalizika mwaka 2021, medali zake za Paralimpiki zilikuwa zimefika 20.

Medali hizo ni zake, nasi tunampongeza. Lakini ule uwanja wa shule ya Maryland, ambapo mtoto mwenye kiti anasimama leo pembeni mwa mwenzake wa miguu akingoja mlio mmoja, ni mali ya watu wote wa pale. Huo ndio mchango wake kwa jamii yake, na ndio unaofaa kuigwa na sisi, kwa sababu hauhitaji bingwa wa dunia ili upatikane. Unahitaji mwalimu mkuu mmoja, chokaa, na filimbi. Wahenga walituusia wakisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtoto mwenye ulemavu katika shule zetu hajaomba kunyongwa wala kubebwa. Ameomba njia moja uwanjani. Muhula huu usipite kabla hajapewa.